Kumpiga Picha Kindi wa Mjini



Siku hizi simu yenye kamera imo karibu katika kila nyumba, na kila tunapowapeleka wanafunzi matembezi katika bustani za hapa Nairobi, hurejea na picha nyingi sana. Ukizitazama zile za kindi utaona kwamba nyingi ni picha za mkia tu. Kichwa kimeshaingia nyuma ya shina, na kilichobaki ni manyoya na ukungu. Wachache huleta picha ya kindi aliye karibu kabisa, lakini ukiuliza utaambiwa kwamba alitupiwa njugu ndipo akashuka. Basi swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: vipi mtu atapata picha nzuri ya kindi, naye hana kamera ya bei kubwa?

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba kumjua kindi kunatangulia kamera. Asiyemjua atamfukuza, na anayemvuta kwa chakula atapata picha ya chakula chake. Katika makala haya tutaeleza kindi ni mnyama gani, aliingiaje mjini, kamera inafanyaje kazi, kisha tutataja njia za kumpiga picha na sababu za kutompa chakula.

KINDI NI MNYAMA WA NAMNA GANI?

Kindi, ambaye baadhi ya watu humwita kuchakuro, ni mnyama wa jamii ya wagugunaji, yaani jamii moja na panya, buku na nungunungu. Duniani kuna aina zaidi ya 250 za kindi. Yule tunayemwona sana katika bustani za Nairobi ni mdogo, rangi yake ni kahawia inayoelekea manjano au kijivu, na mkia wake unakaribia urefu wa mwili wake. Wataalamu humwita Paraxerus ochraceus. Wale kati yenu wanaokwenda pwani wakati wa likizo wanaweza kumwona ndugu yake mwenye tumbo jekundu, kwa mfano katika msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Malindi.

Yako mambo matano katika umbile na tabia zake ambayo mpiga picha anapaswa kuyajua.

Kwanza, macho yake yako pande mbili za kichwa, hivyo huona mbele, pembeni na sehemu kubwa ya nyuma bila ya kugeuka. Usidhani kwamba kwa kuwa amekupa mgongo hakuoni.

Pili, nyayo zake za nyuma zinaweza kugeuka zikaelekea nyuma, na kwa sababu hiyo hushuka mtini kichwa kikiwa chini. Mara nyingi husimama katikati ya shina akiwa hivyo, akatazama. Hapo ndipo penye picha.

Tatu, mkia wake una kazi nyingi. Humsaidia kujiweka sawa anaporuka na humkinga na jua. Vile vile hutumika kutoa habari. Akianza kuupepesa kwa nguvu huku akitoa sauti kali za kukatakata, maana yake ameona hatari. Ikiwa hatari hiyo ni wewe, rudi nyuma.

Nne, akishtuka huzunguka hadi upande wa pili wa shina na kujibanza. Ukizunguka kumfuata, naye huzunguka. Mchezo huu hamna anayeushinda isipokuwa yeye.

Tano, hutembea mchana, hasa asubuhi na alasiri, na usiku hulala. Jua linapokuwa kali hupungua kuonekana.

Aidha, meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, ndiyo maana anaguguna kila mara ili yapungue. Ukisikia mgugunuo mwembamba juu ya mti, simama. Sikio humpata kindi kabla ya jicho.

KINDI ALIINGIAJE MJINI?

Si kila kindi anayeishi mjini amefika huko kwa njia moja, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mpiga picha. Vitabu vingi vya kufundisha upigaji picha vimeandikwa Marekani na Uingereza, navyo vinazungumzia kindi wa huko.

Katika miji mikubwa ya Marekani, kindi wa kijivu walioko leo walirudishwa na watu kwa makusudi. Mwaka 1847 kindi watatu waliachiwa katika bustani ya Franklin Square mjini Philadelphia, na mwaka 1877 wengine wakaachiwa katika bustani ya Central Park mjini New York. Watu wa mjini waliwapenda, wakawapa njugu na kuwawekea visanduku vya kulala. Vizazi vingi vya kindi vimepita, na mpaka leo wanyama hao humjia mtu aliyeketi kwenye benchi kana kwamba wanamdai.

Mwaka 1876 kindi wa kijivu kutoka Marekani waliachiwa katika shamba moja la tajiri huko Cheshire, Uingereza. Wengine waliletwa baadaye, wakaenea. Kindi wekundu wa asili ya nchi ile walishindwa kugombea chakula nao, na pia walikufa kwa ugonjwa wa ndui ya kindi ambao wale wa kijivu hubeba bila ya kudhurika sana. Mwaka 1937 sheria ilitungwa kuzuia kuwaingiza na kuwafuga kindi wa kijivu, lakini walikuwa wameshaenea. Leo kindi wekundu wamebaki hasa Scotland na katika visiwa na maeneo machache. Hata Cape Town, katika bara letu, kindi wa kijivu wanaoonekana bustanini ni wageni. Waliletwa kutoka Uingereza na Cecil Rhodes takriban mwaka 1900.

Sasa tuje kwetu. Kindi wa Nairobi hakuletwa na mtu. Mji huu ulianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, naye ni mwenyeji wa misitu na vichaka vya sehemu hizi. Bustani ya miti iitwayo Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti itakayofaa kuwa kuni za garimoshi. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, uko upande wa kaskazini wa mji. Katika sehemu kama hizo, na katika nyumba zenye miti mikubwa, kindi wetu amebaki kwa sababu miti imebaki.

Kutokana na haya tunapata mambo mawili. La kwanza, kindi wa hapa hajazoea kulishwa na watu kama yule wa New York, kwa hiyo shauri la vitabu vile kwamba uketi na njugu mfukoni halimfai. La pili, hakuna atakayetuletea wengine hawa wakiisha.

KAMERA INAFANYAJE KAZI?

Kabla ya kutaja njia za kupiga picha, ni vyema tuijue kamera yenyewe. Karibu miaka 1,000 iliyopita, mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kuishi Misri, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia machoni. Vile vile alichunguza mwanga unavyopita katika tundu dogo na kutoa umbo la jua lililopatwa. Jina kamera lenyewe linatokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya chumba cha giza. Mpaka leo kamera ni chumba cha giza chenye tundu, na kazi ya mpiga picha ni kuamua mwanga kiasi gani uingie, kwa muda gani.

Muda huo ndio siri ya kumpiga picha mnyama mwepesi. Mwaka 1878 huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi kwa safu na kumpiga picha farasi akikimbia. Picha zikaonyesha kwamba kuna wakati ambapo miguu yote minne ya farasi haigusi ardhi, jambo ambalo watu walibishana kwa miaka mingi kwa kuwa jicho halikuweza kuliona.

Tufanye hesabu ndogo. Tuchukulie kindi anakimbia mita 5 kwa sekunde. Kamera ikiwa wazi kwa muda wa 1/50 ya sekunde, kindi atakuwa amesogea sentimita 10, na picha itakuwa ukungu mtupu. Ikiwa wazi kwa 1/1000 ya sekunde, atakuwa amesogea milimita 5 tu, na picha itakaa wazi zaidi. Lakini muda mfupi unataka mwanga mwingi. Ndiyo sababu picha za chini ya miti yenye giza hutoka na ukungu: simu, kwa kukosa mwanga, huchelewa kufunga. Simu nyingi huchagua muda zenyewe, kwa hiyo jukumu lako ni kumngoja kindi afike penye mwanga.

NJIA ZA KUMPIGA PICHA

1. Chagua saa. Hapa tulipo, karibu na ikweta, jua hupanda kwa haraka. Kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi mwanga huja kwa ubavu, nao ni laini. Adhuhuri jua huwa utosini, na macho ya kindi huingia katika kivuli cheusi. Kuanzia saa kumi alasiri mwanga hurudi kuwa mzuri. Saa hizo ndizo pia kindi anatembea.

2. Chagua mti, usimfuate mnyama. Tafuta mti wenye matunda au mbegu, ulioanguliwa maganda chini yake. Maganda yaliyogugunwa ni dalili kwamba kindi huja hapo. Keti umbali wa hatua kumi au kumi na tano, jua likiwa nyuma yako, kisha tulia.

3. Ngoja. Dakika ishirini za kwanza huenda usione kitu, kwa kuwa wanyama wote wa pale wanakutazama wewe. Baada ya hapo hurejea katika shughuli zao. Waendao watatu au wanne wasizidi hapo, na wasizungumze. Zima mlio wa simu na sauti ya kamera. Vaa nguo za rangi iliyofifia, na muhimu zaidi uache kusogeasogea, kwani mwendo humshtua kindi kuliko rangi.

4. Shuka chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kindi akiwa ardhini nawe umesimama, utapata picha ya mgongo. Piga goti au lala kifudifudi, kamera iwe sawasawa na macho yake. Nyasi za nyuma zitafifia, na yeye atajitokeza wazi.

5. Lenga jicho. Katika simu, gusa kioo mahali lilipo jicho lake ili pakae wazi. Picha ambayo jicho ni wazi na mkia una ukungu inafaa. Kinyume chake haifai. Akiwa juu ya tawi na nyuma yake ni mbingu nyeupe, atatoka mweusi kama kivuli. Hapo ongeza mwanga katika simu, au ngoja asogee mbele ya majani.

6. Usitegemee kukuza. Simu nyingi zikishapita kiwango fulani hukata picha na kuitanua tu, bila ya kuongeza chochote. Ni afadhali picha ambayo kindi ni mdogo lakini ni wazi, na mti wake unaonekana. Picha hiyo inaeleza anaishi wapi, na uso uliojaa kioo hauelezi hilo.

7. Piga mfululizo. Kindi akikaa wima kula, bonyeza na ushikilie ili simu ipige picha nyingi kwa mpigo. Baadaye chagua moja au mbili, nyingine ufute. Usitumie taa ya kamera, kwani humshtua na kuharibu rangi yake.

8. Mwachie njia. Usisimame kati yake na mti wake, na ukiona tundu au kiota usikikaribie wala usikitikise. Mama akishtuliwa sana, wanaodhurika ni watoto.

9. Angalia kamera inaelekea wapi. Arboretum imepakana na Ikulu. Msielekeze kamera kwenye majengo ya serikali, kuta zake au walinzi. Wala msimpige picha mtu aliyepumzika bustanini na familia yake bila ya idhini yake.

KWA NINI TUSIMPE CHAKULA?

Wanafunzi wengine wanasema: kindi ana njaa, nasi tunamsaidia, na picha tunaipata. Hoja hii inapendeza kwa kuisikia, lakini tuitazame vizuri.

Kwanza, chakula chenyewe. Mkate, biskuti na krispi si chakula chake. Hata njugu, ambazo watu hudhani ni zake, zina madini kidogo ya kalisi yanayojenga mifupa, kwa hiyo kindi anayezishibisha tumbo anaacha mbegu, matunda, machipukizi na wadudu wanaomfaa zaidi.

Pili, usalama wake. Kindi anayeshushwa ardhini kwa chakula huzoea kushuka. Atashuka siku usipokuwapo, mbele ya paka, mbele ya mbwa, na mbele ya kijana mwenye manati. Wewe ulimfundisha kwamba binadamu ni rafiki, na huyo wa pili hakuambiwa. Katika jambo hili tunasema waziwazi na wale wachache miongoni mwenu wanaotembea na manati mfukoni. Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na kumpiga mnyama kwa mchezo, asiyeliwa wala asiyedhuru, ni ukatili hata pasipokuwa na sheria.

Tatu, usalama wenu. Katika Arboretum wapo kima ambao wameshajifunza kupokonya mifuko na vyakula vya wageni, na walijifunza kwa kulishwa. Kindi naye, akichukua njugu mkononi, hawezi kupima vizuri njugu inaishia wapi na kidole kinaanzia wapi. Meno yale yanapasua koko ngumu. Ikitokea mtu ameumwa na mnyama yeyote, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asifiche kwa kuogopa kugombezwa.

Nne, ukweli wa picha. Picha ya kindi aliyetupiwa biskuti inamwonyesha mnyama akifanya jambo ambalo asingelifanya. Anayeitazama hataambiwa kwamba biskuti ilikuwako. Picha ni aina ya ushahidi, na ushahidi uliotengenezwa huacha kuwa ushahidi.

PICHA NI KUMBUKUMBU

Jambo hili la ushahidi ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Mwezi wa Oktoba mwaka 2018, watu wa kujitolea waligawana sehemu za bustani ya Central Park na kuwahesabu kindi wake. Kwa kila waliyemwona waliandika mahali, rangi, na alichokuwa akifanya: anakula, anakimbia, analia au anapanda mti. Walimwona kindi mara 3,023, na kutokana na hesabu hizo wakakadiria kwamba bustani ilikuwa na kindi 2,373. Kazi hiyo ilitaka kalamu, karatasi na watu wasiochoka kutazama.

Nasi tunaweza kufanya kama hivyo kwa kipimo chetu. Kila ukipata picha, iandikie katika daftari tarehe, saa, mahali, jina la mti na alichokuwa akifanya kindi. Ukiwa na mzazi au mwalimu wa kukusaidia, unaweza kuiweka katika mradi wa iNaturalist, ulioanzishwa mwaka 2008, ambapo watu duniani huweka picha za viumbe walivyoviona na wengine husaidia kuvitambua. Picha yenye tarehe na mahali pake humfaa mtafiti hata ikiwa si nzuri sana kwa macho.

Kwa nini tunalipa jambo hili uzito? Kwa sababu miti ya mji wetu inapungua mbele ya macho yetu. Nyumba yenye bustani inabomolewa na ghorofa inapanda mahali pake, barabara inapanuliwa, na mwembe uliokuwa na kindi unaanguka asubuhi moja. Jioni hakuna anayeuliza kindi amekwenda wapi, kwani hakuna aliyeandika kwamba alikuwapo. Mwaka 1999 Bi. Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokuwa wakiutetea msitu wa Karura usigawiwe kwa ajili ya majengo. Msitu ule upo leo na watoto wanatembea ndani yake kwa sababu wako waliosema: hapa pana kitu, tumekiona.

Sisi hatuna uwezo wa kuzuia kila shoka, lakini kila mmoja wenu ana macho, na wengi mna simu ya nyumbani mnayoweza kuiazima kwa saa moja. Chagueni mti mmoja karibu na nyumba au karibu na madrasa. Mtazameni kindi wake mwaka mzima: wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, mti unapochanua na unapozaa. Picha kumi na mbili za mti mmoja, moja kwa kila mwezi, zikiwa na maelezo yake, zinafundisha zaidi kuliko picha mia za haraka.

Kwa muhtasari, wanafunzi wetu: mjueni kindi kabla ya kumlenga, amkeni mapema, ketini mtulie, shukeni chini, lengeni jicho, wala msimpe chakula. Mkipata picha andikeni tarehe yake. Msipoipata, hakuna hasara, kwani saa moja ya kumtazama kiumbe akiendelea na maisha yake bila ya kumsumbua ni elimu pia.

Wabillahi tawfiq.